Sura ya Sita: Mlinzi Anayestahili Ngome

Mchezaji wa Pokémon GO aliyekwisha kukusanya viumbe mia kadha katika simu yake, akawalea kwa peremende na vumbi la nyota mpaka wakafikia kimo chao, hana budi siku moja kusimama mbele ya ngome yenye nafasi wazi na kuamua ni yupi kati ya wote atakayemwacha pale alinde, ilhali yeye mwenyewe anakwenda zake kazini, shuleni au nyumbani kulala. Katika shughuli nyingi za mchezo huu mtu yupo pamoja na kiumbe wake, akimtazama na kumwamuru. Katika ulinzi hayupo, na sehemu kubwa ya msaada awezao kumpa mlinzi wake sharti awe amekwisha kumpa kabla hajaondoka. Kwa sababu hiyo nashikilia kwamba uchaguzi wa mlinzi ndio unaodhihirisha maarifa ya mchezaji kuliko mashambulizi yote anayoyafanya akiwa amesimama hapo hapo, kidole kikigonga kioo.

Viumbe hawa asili yao ni Japani. Satoshi Tajiri, ambaye utotoni alipenda sana kukusanya wadudu, alitoa pamoja na wenzake wa kampuni ya Game Freak michezo ya kwanza ya Pokémon mwezi wa Februari 1996, kwa ajili ya mashine ya Nintendo ya kushikwa mkononi. Miaka 20 baadaye, mwezi wa Julai 2016, kampuni ya Niantic ya Marekani, chini ya uongozi wa John Hanke, iliwatoa viumbe hao ndani ya nyumba ikawatawanya njiani. Hanke alikuwa mtu wa ramani kabla ya kuwa mtu wa michezo: kampuni yake ya awali, Keyhole, ilinunuliwa na Google mwaka 2004, na kazi yake ikawa msingi wa Google Earth, Niantic nayo ilianza ndani ya Google mwaka 2010 ikajitenga mwaka 2015, na jina lake ni la jahazi la kuvulia nyangumi lililofika San Francisco mwaka 1849 wakati wa mbio za dhahabu, likavutwa nchi kavu na kufanywa ghala. Katika Ingress, mchezo wa Niantic uliotangulia huu, wachezaji walipendekeza mahali pa kukumbukwa katika miji yao, kama vile masanamu, makanisa, michoro ya ukutani na vibao vya historia, na mahali pengi katika hapo ndipo palipogeuka baadaye kuwa vituo na ngome za Pokémon GO. Basi anayelinda ngome, ambayo wachezaji huiita jimu, analinda mahali halisi palipo na watu wapitao na saa zao za kupita, na jambo hili lina taathira kubwa katika uchaguzi, kama nitakavyoeleza mbele.

Wachezaji wamegawanyika makundi matatu: Mystic la rangi ya buluu, Valor jekundu, na Instinct la manjano. Ngome huwa mikononi mwa kundi moja kwa wakati mmoja, na mtu wa kundi hilo anaweza kuweka humo kiumbe wake mmoja tu. Katika mwaka wa kwanza wa mchezo ngome ilikuwa kama mnara uliopanda mpaka daraja ya kumi, ukabeba walinzi 10, na hapakuwa na sheria iliyokataza wote kumi kuwa wa jinsi moja. Ikawa aghalabu mtu hufika akakuta Dragonite juu ya Dragonite, na baada ya jinsi mpya kuongezwa mwezi wa Februari 2017, akakuta Blissey juu ya Blissey, mpaka wachezaji wapya wakakata tamaa ya kupata hata nafasi ya kugusa. Mwezi wa Juni 2017 Niantic ilizifunga ngome zote kwa siku chache, na zilipofunguliwa sheria zilikuwa nyingine kabisa: nafasi 6 tu, kila nafasi kiumbe wa jinsi tofauti na wenzake, na kila mlinzi apewe moyo unaopungua kadiri saa zinavyokwenda. Naihesabu sheria ya kukataza jinsi moja kujirudia kuwa ndiyo bora kuliko zote zilizopata kutungwa katika mchezo huu, maana ndiyo iliyomlazimisha mchezaji kufikiri.

Jambo la kwanza ambalo mchezaji sharti alifahamu ni kwamba ile tarakimu kubwa iandikwayo juu ya kichwa cha kiumbe, inayoitwa CP, haikutungwa kwa kumpima mlinzi. Kila kiumbe ana vipimo vitatu vya asili, yaani mashambulizi, kinga na uhai, na tarakimu ile hupatikana kwa kuzidisha mashambulizi yakiwa mazima kwa kipeuo cha pili cha kinga na kipeuo cha pili cha uhai. Maana yake ni kwamba ukali huhesabiwa kwa ukamilifu wake, ilhali kinga na uhai, ambavyo ndivyo vimwezeshavyo mlinzi kusimama, huingia katika hesabu vikiwa vimepunguzwa sana. Kiumbe mkali asiye na stahamala huonekana sultani, na kiumbe mvumilivu asiye na ukali huonekana si kitu. Mtu akitaka kujua nani atakayesimama muda mrefu zaidi mbele ya adui yule yule, na aache tarakimu ile kando, achukue kinga ya asili aizidishe kwa uhai wa asili, kisha alinganishe.

Nimelifanya zoezi hili kwa wachache wanaojulikana na kila mchezaji. Dragonite, joka lililotisha watu wote mwaka 2016, ana kinga 198 na uhai 209, zao lake ni 41,382. Metagross, mwenye mwili wa chuma, hufikia 43,320. Snorlax, yule mnene alalaye, ana kinga 169 na uhai 330, akapata 55,770. Chansey, kiumbe wa rangi ya waridi abebaye yai, ambaye kinga yake ni 128 tu lakini uhai wake ni 487, hupata 62,336. Blissey, ambaye ndiye Chansey aliyekua, ana kinga 169 na uhai 496, na zao lake ni 83,824, ambalo ni zaidi ya mara mbili ya lile la Dragonite. Sasa tazama tarakimu zao za kichwani wanapofikia daraja ya 40 wakiwa wamekamilika: Dragonite ana 3,792, Blissey ana 2,757, na Chansey maskini ana 1,255. Mchezaji ambaye hupanga viumbe wake kwa tarakimu hiyo na kumchukua wa juu kabisa atamwacha Chansey chini ya orodha milele, naye ni miongoni mwa walinzi wavumilivu kupita wote waliomo.

Kuna mfano mwingine ambao haufai kuachwa. Slaking, aliyeingia mwishoni mwa mwaka 2017, hufikia tarakimu 4,431 katika daraja ile ile ya 40, nayo ni kubwa kuliko za viumbe wakuu wengi ambao mchezo umewakataza kabisa kukaa ngomeni, mathalani wale wa daraja ya Mewtwo na wenzake. Tena Slaking si dhaifu kwa uhai wala kwa kinga. Ila pigo lake la haraka ni moja tu, nalo ni kupiga miayo, na miayo hiyo haimjeruhi mtu hata nukta moja. Adui humshambulia kwa utulivu, akisubiri tu yale mapigo makubwa yanayokuja kwa nadra na kuyakwepa. Mashambulizi yake 290 yameivimbisha tarakimu yake, na ulinzini hayana njia ya kutokea. Wala hakuna kiumbe anayeonyesha vizuri zaidi ya huyu jinsi CP inavyoweza kumghilibu mtu mzima mwenye akili zake.

Tukishamjua mvumilivu, hatujamaliza. Blissey, Chansey, Snorlax na Slaking wote ni wa aina moja, aina ya kawaida, na aina hiyo ina udhaifu mmoja tu, nao ni mbele ya wapiganaji wa ngumi kama Machamp na Lucario, ambao mapigo yao ya aina yao huongezewa nguvu mara 1.6 yanapompata kiumbe wa kawaida. Mshambulizi huja na viumbe 6, na walinzi hawakabili wote kwa pamoja. Huwakuta mmoja baada ya mmoja, kwa taratibu ya kuwekwa kwao, aliyetangulia kuingia ngomeni akiwa wa kwanza kupigwa. Ngome iliyoanza na Blissey, ikafuatiwa na Snorlax, kisha Chansey, kisha Slaking, imemfanyia adui hisani kubwa: anakuja na Machamp watatu wanne, wala hana haja ya kubadili kitu mpaka nusu ya kazi imekwisha. Walinzi wanne wenye uhai mwingi wamegeuzwa kuwa mlango mmoja wenye ufunguo mmoja.

Kwa hiyo anayekuja wa pili hapaswi kuuliza yupi bora kati ya viumbe wake, kana kwamba ngome ni tupu. Aulize ni nani atakayemwudhi yule aliyekwisha kujiandaa kumpiga wa kwanza. Baada ya Blissey, Togekiss ni jibu zuri mno. Yeye ni wa aina ya kichimbakazi na ya ndege kwa pamoja, mapigo ya ngumi humgusa kwa shida kwa sababu aina zake zote mbili zinayapinga, na mapigo yake mwenyewe humwangamiza Machamp. Gardevoir hufanya kazi hiyo hiyo, ingawa mwili wake ni mwepesi na zao lake la kinga na uhai ni 32,955 tu. Adui hulazimika kumwondoa mpiganaji wake na kuleta chuma, umeme au mwamba. Basi wa tatu awe Metagross, ambaye mapigo ya mwamba na ya barafu si kitu kwake, adui akalazimika kutafuta moto au ardhi. Na wa nne awe Milotic wa majini, ambaye moto haumwezi, na ambaye kwa zao la 47,304 humpita hata Slaking kwa uvumilivu. Hapo kila mlinzi amesimama mahali ambapo silaha iliyomwangusha mwenzake inageuka butu, na mshambulizi anakula muda kwa kubadili viumbe, naye hana zaidi ya sekunde 100 kwa kila pambano.

Tena asisahau mapigo. Blissey mmoja si sawa na mwingine: yule mwenye Zen Headbutt na Dazzling Gleam humjeruhi Machamp kwa udhaifu wake mwenyewe, tangu pigo dogo hata kubwa, ilhali mwenye mapigo ya kawaida humpapasa tu. Nimeona wachezaji waliotumia vumbi la nyota jingi mno kumkuza Blissey bila kuyatazama mapigo yake hata mara moja.

Sasa tuufikie moyo. Kila mlinzi huingia ngomeni akiwa na moyo kamili, na tangu saa hiyo unaanza kupungua, na tarakimu yake hushuka pamoja nao. Mwenye moyo kamili sharti ashindwe mara tatu ndipo afukuzwe; mwenye moyo uliokwisha hufukuzwa kwa kushindwa mara moja. Nao hawapungukiwi kwa kasi moja: wenye tarakimu kubwa huchoka upesi, na waliopita 3,000 huchoka upesi kupita wote. Hapa sheria imewasaidia wavumilivu mara ya pili. Chansey mwenye 1,200 atakuwa bado na moyo wake saa nyingi baada ya Dragonite mwenye 3,700 kuishiwa, na uhai wake wa asili uko pale pale. Dawa ya moyo ni matunda, na wenzako wa kundi lako wanaweza kumlisha mlinzi wako kama wewe uwezavyo kuwalisha wao, hata wakiwa mbali na ngome maadamu wana kiumbe wao humo. Matunda ya kawaida hupungua faida yanaporudiwarudiwa kwa kiumbe mmoja. Tunda la dhahabu hurudisha moyo wote kwa mara moja. Mimi naona ni israfu kulitumia tunda hilo mchana wakati hakuna adui aliye karibu, na ni busara kuliweka kwa ile saa ambayo ngome inapigwa, kwa kuwa mshambulizi aonaye mlinzi aliyemchosha mara mbili amesimama tena mzima aghalabu huacha akaenda kwingine.

Jambo la mwisho ndilo gumu kuliko yote kueleweka kwa mgeni, nalo ni malipo. Mlinzi hupata sarafu moja kwa kila dakika 10, lakini mwenyewe hazipati mpaka mlinzi ameshindwa na kurudi nyumbani, na kwa siku moja haiwezekani kupokea zaidi ya 50 kutoka ngome zote. Sarafu 50 hutimia kwa saa 8 na dakika 20. Aliyekaa ngomeni saa 9 na aliyekaa mwezi mzima wakirudi leo hulipwa sawasawa, na wakirudi siku moja walinzi watatu wa mtu mmoja, kila mmoja akiwa na 50 zake, 100 hupotea. Sheria hii naiona haina insafu kwa mchezaji wa kijijini ambaye ngome yake haifikiwi na mtu, kwa kuwa mlinzi wake hukaa wiki nyingi akilinda, na yeye hana hata sarafu ya kununulia kibali cha vita kinachouzwa 100. Ila ndiyo sheria, na mwenye hekima huchagua kwa kuizingatia.

Anayelijua bao atalitambua jambo hili upesi. Mchezaji mzuri wa bao huilinda nyumba yake yenye kete nyingi, lakini anajua kwamba haikuwekwa ilindwe mpaka mwisho wa mchezo. Faida yake huonekana siku anapoamua kuisafirisha, na aliyechelewa huishia na nyumba nono isiyomletea ushindi. Vivyo hivyo mlinzi wa ngome amewekwa asimame muda wa kutosha, kisha aanguke. Kwa hiyo ukali wa mlinzi upimwe kwa mahali. Penye bustani katikati ya mji, wapitapo watu wa makundi yote matatu tangu asubuhi, mweke Blissey wako mwenye moyo na mapigo mazuri, na hata hivyo huenda asifikishe saa 8. Penye kanisa la pembezoni ambapo adui hupita mara moja kila jioni, mlinzi wa kadiri anatosha, tena ni afadhali, kwa sababu adui atakayemwona Blissey pale huenda akasema kazi ni nyingi na kupita, na mlinzi wako akaendelea kukaa huko bila faida. Aliyejua saa za watu wa mtaa wake hupata zaidi ya aliyejua tarakimu zote za viumbe.

Wapo wachezaji ambao, kwa kuwa hawataki kugharimika, huweka katika ngome kiumbe mchanga mwenye tarakimu 10 au 50, ili tu wahesabiwe kuwa wamo. Jambo hili nalichukia. Nafasi ni 6, na iliyochukuliwa na kiumbe asiyeweza kusimama hata sekunde tano imenyang'anywa wenzi watano ambao walimtegemea kila mmoja aongeze uchovu wa adui. Tena jinsi aliyoiweka haiwezi kuwekwa na mwingine, kwa hiyo aliyetupa Chansey dhaifu ngomeni amemfungia mlango mwenzake mwenye Chansey aliyekomaa. Ngome ni mali ya wote walio na rangi moja, na mlinzi wako ni deni lako kwa watu ambao huenda hutawaona maisha yako yote, lakini wanamlisha kiumbe wako matunda usiku umelala.

Basi, ewe msomaji, Chansey akikutokea njiani usimdharau kwa udogo wa tarakimu yake, wala usimpeleke kwa Profesa Willow, mhusika wa mchezo apokeaye viumbe wanaoachwa, ili upate peremende moja. Mtunze, mlee, na zikitimia peremende 50 mkuze awe Blissey, kisha mbakize na Chansey wa pili bila kumkuza, kwa maana ngome moja inaweza kuwapokea wote wawili kutoka kwa watu wawili. Na kabla hujamweka yeyote, igonge ngome kwanza, usome waliotangulia mmoja mmoja kwa taratibu yao, ndipo uchague.